Njia Tatu, Lango Moja

2 Aprili

Leo ni mwaka mmoja, miezi mitatu na siku tisa tangu niondoke nyumbani. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza nilipata siku kumi. Daftari hili nimelipata stoo. Ni la kuandikia simenti inayoingia na kutoka, lina mstari mwekundu pembeni, na mimi nitaandika humo mambo yangu. Niliishia darasa la sita. Mwalimu alikuwa akiusifu mwandiko wangu, halafu anaongeza kwamba akili ndiyo imechelewa kufika.

Mvua zimeanza. Daraja limefika nguzo ya nne. Manyunyu hayatuzuii sisi wafunga nondo, lakini ikikaza msimamizi anapuliza filimbi, saa saba au saa nane ya mchana, na kila mtu anarudi chumbani kutazama dari. Chumba chetu ni kontena lililokatwa madirisha mawili. Vitanda vinne, watu wanne. Mimi naitwa Nondo kwa sababu ya kazi yangu. Kreni anaendesha kreni na mdomo wake hauna breki. Seremala anaunda mbao za kumwagia zege. Ndiye mkubwa wetu, tunamwita mzee, naye anakasirika kila siku. Wa nne ni mtunza stoo, tunamwita Stoo, mtu mpole, ana funguo nyingi kiunoni kama bibi harusi mwenye shanga.

Mke wangu alipiga simu. Nimemwambia narudi mvua zikiisha. Akasema, "Zipi?"

4 Aprili

Stoo ametoa mchezo wake. Alifundishwa na mpima ardhi mmoja kwenye kazi ya zamani. Si karata. Kila mtu anajitungia mtu wake na kumwandika kwenye karatasi: ni nani, anaweza nini, anaogopa nini. Stoo ndiye Mwongozaji. Anasimulia: mko hapa, mnaona hiki, mnasikia kile. Halafu anauliza, "Mnafanyaje?" Jambo likiwa jepesi, linakuwa. Likiwa gumu, anarusha dadu, na dadu inaamua. Dadu alichonga Seremala kwa kipande cha mbao ngumu, vitundu akavichoma kwa msumari wa moto. Stoo anairushia nyuma ya boksi la helmeti, nasi tunaambiwa tu imetoka ngapi.

Hadithi ni hii: kuna nchi ambayo mto wake umeibwa. Wanne, yaani sisi watatu na yeyote tutakayemwokota, tumetumwa kuurudisha.

Mimi nimejitungia mwanamke mpiga mbizi.

"Mpiga mbizi, na nchi haina tone la maji!" Kreni alicheka mpaka akashika ubavu. "Nondo, kichwa chako nacho kimefungwa waya."

"Mwache," alisema Stoo. "Chaguo ni lake. Humu kila chaguo ni la mchezaji."

Kreni ni mwizi aliyezaliwa ikulu. Seremala ni mlinzi mstaafu, mwenye goti bovu.

Kisha Stoo akaniuliza, "Mpiga mbizi, unafanyaje?" Nikanyamaza mpaka wakadhani nimesinzia. Kutwa nzima naambiwa kata, kunja, nyanyua, ngoja. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza nafanyaje, akakaa kungoja jibu.

5 Aprili

Mvua. Hatukucheza, Stoo alikuwa akihesabu buti.

9 Aprili

Njia zilikuwa tatu: mlimani, msituni, au kufuata mfereji wa mto uliokauka. Tulibishana saa nzima, tukachagua mfereji. Mwishoni mwa mfereji tukakuta lango la chuma, na bawabu mzee asiye na kidole gumba. Akasema, "Mmechelewa kwa siku moja." Mto umepita jana, umeingizwa ndani. Anayeutaka aingie, amtumikie bwana wa lango miaka saba. Hatukutaka. Tukakimbia. Niliruka korongo, Stoo akarusha dadu, akasema, "Tano. Umeshika mzizi." Moyo ulinipiga kama naruka kweli.

11 Aprili

Filimbi saa sita na nusu. Furaha tupu, na msimamizi hajui kwa nini kikosi cha nondo kinapenda mvua.

16 Aprili

Tumepanda mlima. Juu kuna pango lenye mlango wa shaba. Bibi kizee anauza ufunguo. Naye akasema tumechelewa kwa siku moja. Tukageuka. Mawe yakaporomoka, tukapona wote. Kreni alipona mara mbili.

17 Aprili

Nguzo ya tano. Kidole kimechubuka.

21 Aprili

Mke wangu alipiga simu tena. Alisema kaka yake amemwandalia chumba na mtoto ameshapata nafasi shule ya huko. Akasema, "Nakungoja mpaka tarehe thelathini na moja, mwezi wa tano. Ulisema Desemba. Ulisema nguzo ya pili ikisimama. Sasa mimi sitakwambia tena njoo. Nikifunga mlango nimefunga, baba. Utakuja kwa kaka yangu kama mgeni mwingine, utakaribishwa chai, utaondoka."

Nikamwuliza mtoto yuko wapi. Yuko hapo hapo. Nikasema nipe niongee naye. Nikasikia sauti ndogo ikiuliza, "Nimwambie nini?"

Mkataba wangu unaisha tarehe 24 Mei. Gari la kampuni hubeba wanaoondoka siku hiyo hiyo. Safari siku tatu. Nafasi ipo. Naandika hapa ili nisisahau: nafasi ipo.

23 Aprili

Leo msitu. Tulitembea siku nne za hadithi. Seremala akauliza, "Kuna nini mbele?" Stoo akafungua karatasi zake, anaziandikia nyuma ya kadi za stoo, akasoma: mti mkubwa uliotoboka, ndani yake mlango, mlangoni mtoto ameshika kengele. Mtoto akasema, "Mmechelewa kwa siku moja."

Niliinuka kuchukua chai wakati Stoo anarusha dadu ya mlinzi wa Seremala, aliyekuwa akiruka korongo kuukimbia mlango. Nikapita nyuma yake. Dadu ilionyesha moja. Stoo akasema, "Nne. Goti limehimili."

Chai niliyoimimina ilijaa ikamwagika mezani.

24 Aprili

Nimerudi kurasa nyuma. Mfereji: lango, mmechelewa kwa siku moja. Mlima: mlango, mmechelewa kwa siku moja. Msitu: mlango, mmechelewa kwa siku moja. Yule mzee hana kidole gumba. Yule bibi sikuandika, lakini nakumbuka alihesabu sarafu kwa vidole vinne. Mtoto alishika kengele kwa mikono miwili "kwa sababu mkono mmoja haukutosha kushika."

Ni mlango mmoja! Mtunza stoo ana mzigo mmoja, ameubandika lebo tatu. Saa nzima tulibishana mlima au mfereji, na mlango ulikuwa umebebwa mgongoni kwake, anautua popote tutakapokwenda.

27 Aprili

Nimemwambia Kreni. Akasema, "Ndiyo, najua."

"Unajua?"

"Tangu pango. Sasa? Mimi kutwa nipo juu kwenye kreni, nachagua kila dakika. Nikikosea, mtu anageuka chapati. Nikishuka nataka kubebwa. Anibebe, anisimulie, mimi nile biskuti. We una shida gani?"

Nikamwambia Seremala. Yeye alikuwa akipiga randa, hakuinua kichwa. "Mwanangu, mtu kakupikia siku tatu, unaingia jikoni kuuliza kwa nini sufuria ni moja?"

Lakini mimi kutwa sichagui kitu. Kama na mezani sichagui, basi ni wapi?

30 Aprili

Mvua siku nzima. Sikucheza, nilisema kichwa kinauma. Walicheza mbele ya macho yangu. Stoo alikuwa ananitazama.

3 Mei

Mto umepanda. Seremala ameweka alama za chaki kwenye nguzo ya kwanza. Maji yako alama ya pili. Barabara ya kutokea inapita bondeni, juu ya makalvati matatu ya kupitishia maji. Msimamizi anasema alama ya nne ikifikiwa hakuna gari litakalotoka.

8 Mei

Leo niandike sawasawa.

Filimbi ilipulizwa saa nane. Tukakaa. Stoo akasema tuko tena mbele ya lango la chuma, usiku uliopita tulipotea, miguu imetuleta. Bawabu anafungua. "Mnafanyaje?"

Kreni: "Naingia, naangalia cha kuiba."

Seremala: "Naingia. Goti linauma."

Mimi: "Siingii."

"Sawa. Nyuma yako kuna mbwa mwitu, wanakaribia. Unafanyaje?"

"Siingii."

"Ukuta wa moto umezuka nyuma ya mbwa."

"Wataungua mbwa. Siingii."

Kreni akacheka. Stoo hakucheka. Akashika funguo zake zisilie. "Nondo, huko nje hakuna kitu. Hadithi iko ndani."

"Hakuna kitu kwa sababu hujaandika. Si kwa sababu hakuna."

"Nimeandika kurasa arobaini za ndani! Bwana wa lango, visima, binti anayejua siri ya mto. Wiki tatu naandika, nyinyi mnakoroma."

"Ungetuambia tangu siku ya kwanza kwamba njia ni moja. Ningeingia, ningekutumikia miaka saba kwa roho safi. Lakini ulituambia tuchague. Tulibishana saa nzima, Stoo. Mimi nilikesha nikifikiria mfereji."

Mvua juu ya bati, huwezi kusikia pumzi yako.

"Na dadu?" nikasema. "Ile ya goti. Ilikuwa moja."

Seremala akainua macho. Hilo hakulijua. "Ilikuwa moja?" akauliza taratibu. "Ningeanguka?"

"Ungekufa," alisema Stoo. "Korongo lile, ungekufa. Na Nondo angekufa pale kwenye mzizi. Na huyu Kreni amekufa mara tano. Nyote maiti. Mnakaa hapa mnakula biskuti kwa sababu mimi ni mwongo. Mnataka ukweli? Haya."

Akalichukua boksi la helmeti akalitupa kitandani. Dadu ikabaki wazi mezani.

Tukatoka langoni wote watatu, kwa hasira zaidi ya hamu. Stoo akasema, "Huko sina ukurasa. Mnaona nini?" Mimi nikasema naona njia ya wanyama, inashuka. Inashuka maana yake ilifuata maji. Akaitikia kwa kichwa, akakubali. Kwa mara ya kwanza niliona na yeye hajui. Tukateremka. Ilikuwa tamu, kusema kweli.

Kisha Kreni akasema anapita juu ya gogo lililooza. Dadu ikarushwa mbele ya macho yetu. Moja. Ikarushwa tena ajishike. Moja.

"Amekufa," alisema Stoo.

"Rusha tena."

"Hairushwi tena. Ni wazi."

Kreni alikaa akiitazama karatasi yake. Yule mwizi alikuwa amemwandikia mpaka nyimbo anazopenda. "Mnaona?" akaniambia mimi, si Stoo. "Mimi nilikuwa salama langoni. Wewe na uhuru wako." Akaenda kulala na buti.

Sijui kama nilikosea. Nadhani dadu ilikuwa haki, na Kreni alikuwa na haki pia.

9 Mei

Hakuna anayeongea. Tumefunga nondo za nguzo ya sita kwenye matope. Alama ya pili na nusu.

12 Mei

Kreni amenirushia soksi yangu iliyoanguka. Ni mwanzo.

15 Mei

Nilikwenda ofisini kuuliza zamu ya gari ya tarehe 24. Karani akapekua karatasi. "Wewe huondoki. Uko kwenye wanaobaki. Miezi minane zaidi."

"Nani ameniandika?"

"Orodha inatoka stoo. Stoo ndiyo inagawa buti na makoti, inajua nani anabaki. Mhandisi anasaini tarehe ishirini. Akishasaini, basi, viti vya gari vinapangwa kwa wengine."

Niliomba afute. Akasema yeye hafuti, anapokea. Namba thelathini na moja, jina langu, mwandiko wa Stoo. Na mbele yake saizi ya buti yangu, sahihi kabisa. Tisa.

Nilisimama kwenye mvua bila koti. Sikuwa na hasira kwanza. Nilikuwa naogopa, kwa sababu ndani yangu, chini kabisa, kulikuwa na mtu aliyesema: afadhali. Sasa si kosa lako. Mwambie mkeo umeandikwa.

16 Mei

Sijamwambia Stoo kitu. Ameniuliza kama nitacheza. Nimesema mvua haijakaza.

17 Mei

Alama ya tatu.

18 Mei

Seremala amejiandika kubaki mwenyewe, kwa mkono wake, alisema amesomesha wajukuu kwa mbao na bado wawili. Kreni hivyo hivyo, kwake hakuna anayemngoja ila mwenye nyumba. Nimemwuliza Seremala nifanyeje. Akasema, "Ukiniuliza mimi, umeshanipa niendeshe." Akanipa msumari nimshikie, basi.

19 Mei

Nilimkuta Stoo peke yake anafunga glavu kumi kumi. Nikafunga mlango wa stoo kwa ndani.

"Toa jina langu."

Hakujifanya hajui. "Kaa kwanza, ndugu yangu."

"Nimekaa mwaka na miezi mitano. Toa."

"Nilikuandikia nafasi kabla haijaisha. Watu sitini wanaitaka. Ulikuwa hujasema neno, kila siku mvua zikiisha, mvua zikiisha. Nikasema huyu hawezi kuamua, nimwamulie. Si ndiyo? Uongo?"

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana niliongea kwa ukali. "Hukuniuliza."

"Na ungejibu nini?"

Akaweka glavu chini. Akaniambia jambo ambalo hakuna aliyelijua chumbani. Kwamba kwenye kazi ile ya zamani, yeye mwenyewe aliahirisha, akaahirisha, halafu siku moja akapanda gari bila kumwambia mtu. Alifika saa nne asubuhi. Mlangoni kufuli. Jirani akatoka na beseni la nguo, akamwambia walihama jana.

"Jana, Nondo. Siku moja. Nilisimama pale na begi. Ningebaki kazini ningekuwa na mke mpaka leo, kichwani. Mtu asiyefika hachelewi. Nakuokoa na hilo. Mara kumi na moja dadu imekuua, nimeandika zote, na mara kumi na moja nimekuficha. Hii ni ya kumi na mbili."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumshika bega. Mtu huyu alikuwa akitutungia lango wiki sita, na kumbe alikuwa amesimama mbele yake peke yake.

Akaona nimelegea. Akatoa dadu mfukoni, akaiweka juu ya rundo la glavu. "Haya. Wazi, kama ulivyotaka. Nne kwenda juu, nafuta jina. Chini ya hapo, unabaki na hunilaumu. Sitaigusa, rusha mwenyewe."

Niliichukua. Ni nyepesi, ukiishika husikii kitu. Na nilitamani, Mungu anisamehe, nilitamani kuirusha. Ingetoka mbili, ningempigia mke wangu nikiwa na sababu. Ingetoka tano, ningeenda, na nikikuta kufuli ningeilaumu mbao.

Nikairudisha kwenye glavu bila kuirusha.

"Si ulidai dadu ya wazi?" alisema.

"Nilidai kuchagua. Dadu ni ya jambo ambalo mtu haliwezi. Kuruka korongo. Hili naliweza. Nilikuwa sitaki tu."

"Ukikuta wamehama?"

"Nitakuwa nimekuta."

"Nafasi hii haitakungoja. Ukirudi hapa unalia, mimi sina kitu cha kukuficha nacho."

"Usinifiche."

Lori lilipita nje, chupa zikatikisika rafuni. Kisha Stoo akafungua faili, akachukua rula. Alipiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina langu, kama wanavyofuta mfuko wa simenti ulioganda, akaandika tarehe pembeni na sahihi yake. Chini, jumla ya thelathini na moja ikawa thelathini. Akasema, "Buti utazirudisha zikiwa safi."

20 Mei

Mhandisi amesaini. Nimeona kwa macho yangu.

21 Mei

Alama ya tatu na nusu. Kreni anasema kila akinitazama mto unapanda.

22 Mei

Walicheza. Stoo aliniita. Mlinzi wa Seremala ameingia langoni kwa hiari yake, na Kreni ana mtu mpya, mpishi, naye ameingia. Sasa Stoo anawaambia mapema: njia ni moja, iko ndani, ndani ndimo mtakapochagua. Wanacheka, wanagombana, ni tamu kusikiliza. Mpiga mbizi wangu nimemwacha akiteremka njia ya wanyama. Stoo aliniuliza kama nataka kujua alifika wapi. Nikasema hapana. Akakubali, hakumwua wala hakumwokoa.

23 Mei

Nimeosha buti mara tatu. Matope ya hapa hayatoki kwenye mshono.

Mvua imepiga mchana kutwa. Seremala alishuka kuangalia nguzo, akarudi amelowa, akasema chaki haionekani vizuri. Msimamizi amebadili neno, amesema gari litatoka saa kumi na mbili asubuhi, maji yawe vyovyote, na anayeogopa makalvati abaki. Hakuna aliyeinua mkono.

24 Mei

Naandika garini, mwandiko unaruka. Kalvati la kwanza tumelipita, maji yaligusa sakafu. La pili dereva alishuka akapima kwa fimbo, akarudi akatuuliza, "Tunaendelea au tunarudi?" Watu kumi na mmoja, kila mtu anamtazama mwenzake atuchagulie. Nikasema tunaendelea. Akawasha.

Tumevuka yote matatu.

Nimempigia mke wangu mara tulipopata mtandao. Sikumweleza mvua wala orodha. Akasema, "Usiniahidi." Nikasema siahidi, nakwambia nilipo: nipo upande wa pili wa mto, nakuja. Akaniuliza nitafika kwa mlango wa mbele au nyuma, kwa sababu wa mbele umevimba kwa unyevu na haufunguki.

Wa nyuma, nimesema. Jumatano, tarehe ishirini na saba, jioni.